Aliyesimama Nyuma ya Bibi Yako

Rukia mwanangu,

Sanduku lako limefungwa na kufunguliwa leo hata zipu imeanza kulalamika. Mama yako mkubwa Mwajuma amekwisha kukueleza habari ya sweta, baridi ya Mbeya, mayai ya kuchemsha ya stendi, na wanaume. Sina la kuongeza. Gari litakuchukua mapema, Msata mtaingia kabla jua halijawa kali, na kuanzia hapo utakuwa mali ya barabara. Nina usiku huu tu wa kukuambia jambo ambalo uliambiwa nusu.

Ulipokuwa bwenini, kidato cha sita, ulipigiwa simu ukaambiwa, "Bibi alipata shingo kidogo, sasa mzima." Aliyekupigia ni mimi. Neno "kidogo" lilikuwa langu, na lilikuwa uongo.

Unakwenda kusomea udaktari. Siku moja mwalimu atawaonyesha picha ya ugonjwa ule, atautaja kwa jina lake refu, utaandika, utafaulu mtihani. Mimi nataka kabla ya siku hiyo ujue ulivyoingia katika nyumba hii, mchana kweupe, jua likiwaka, watu wote wakiwa macho.

Unanijua mama yako. Nimeandika magazetini mpaka wahariri wakanikimbia. Nimekaa redioni nikawatoa jasho mashehe, wachungaji, na bwana mmoja aliyedai kwamba kusoma sana kunaharibu macho ya wanawake. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mimi nikifika peponi nitauliza kwanza nani aliyepanga viti. Nililichukua neno lile kama sifa. Tangu mambo ya shingo ya Bibi sijui tena kama alikuwa akinisifu.

Ilikuwa msimu wa joto, lile joto ambalo hata kuku wanatembea midomo wazi. Bibi yako, kama unavyojua, akisha kusali alfajiri haketi. Atafagia, atamwagilia mchicha, atatwanga tambuu yake katika kile kinu kidogo cha shaba mpaka majirani wajue kumekucha. Siku ile sikusikia kinu. Nilikuwa nimeinamia makala ya kumjibu mtu, sikumbuki hata nani, na ukimya ule ulinifaa. Hapo jua lilipopanda nikampelekea chai. Alikuwa juu ya msala, amekaa kitako cha tahiyatu, mikono mapajani, uso umeelekea kibla. Nikadhani anasoma nyiradi. Nikaweka kikombe kando yake nikatoka kwa kunyata, nikijiona mtoto mwenye adabu.

Nilirudi adhuhuri ikikaribia. Chai ilikuwa imeota utando juu na nzi amekufa ndani yake. Bibi alikuwa vilevile. Jua lilikuwa limeingia dirishani, limepanda kifuani mwake, sasa lilikuwa usoni, na hakuwa amelikwepa hata kidogo. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni likadondoka juu ya kanga. Nilipoingia, macho yake yakanifuata. Kichwa hakikufuata. Hujawahi kuona jambo hilo, mwanangu, na si rahisi kukueleza kwa nini linatisha. Mtu akikutazama, uso mzima huja pamoja na macho. Siku ile macho yalikuja peke yao, mpaka kwenye pembe, na yakabaki huko.

"Mama, vipi?"

Akajibu meno yamegusana, sauti ndogo. "Sijatoa salamu."

Sala hufungwa kwa salamu. Unageuza uso kulia ukasalimu, unageuza kushoto ukasalimu, umemaliza. Bibi alikuwa amefika hapo alfajiri na hakuweza kuvuka. Kwa hesabu yake bado alikuwa ndani ya sala, na mtu aliye ndani ya sala hanywi chai wala hakwepi jua.

"Geuka basi, utoe."

"Hakigeuki."

Hapa sijisikii vizuri ninapokumbuka. Mama yangu alikuwa akiungua kwa homa mbele ya macho yangu, nami nilisimama nikamfundisha fikihi. Nikamwambia dini ni nyepesi, mgonjwa hutoa salamu kwa ulimi, akishindwa kwa ulimi hutoa kwa moyo. Nikaleta hoja ya kwanza na ya pili. Nilikuwa sahihi kabisa, na muda wote huo mkono wangu haukumgusa.

Aliningoja nifike mwisho.

"Umemaliza?" akasema. "Basi mwambie aliyesimama nyuma yangu akae. Anangoja salamu yake. Kasimama tangu alfajiri."

Niliangalia. Nakuambia kama mtu aliyeangalia: nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mawe unaomwaga chokaa, na msumari wenye kanga mbili. Hakukuwa na mtu. Hata hivyo nywele za mikono zilinisimama, na mimi ninapoogopa hufanya kejeli. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya kuliko zote na ninakuomba usiirithi. Nikavuta kile kiti cheupe cha plastiki chenye mkono uliopasuka, nikakiweka nyuma ya mgongo wake, nikasema kwa sauti ya redioni, "Haya bwana mkubwa, kaa, usituvunjie heshima."

Bibi akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ahsante, mwanangu," akasema. Hakuwa akitania.

Ndipo nikamgusa paji la uso, nikaondoa mkono kwa moto niliokuta.

Mama yako mkubwa alifika muda si mrefu. Alitazama mara moja tu. "Amekabwa huyu," akasema. "Shingo imeshikwa. Hii kazi ya Fundi Kondo."

"Hii homa ya uti wa mgongo," nikasema. Nilikuwa nimekwisha kusoma simuni. Homa, shingo ngumu, kuona watu wasiokuwepo. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Wewe daktari tangu lini, Asha?"

"Na wewe mganga tangu lini?"

Tukaanza. Unatujua. Tulitoka kwenye shingo tukaingia kwenye urithi wa sahani za marehemu bibi yetu, tukarudi kwenye shingo. Gari lingetufikisha hospitali na kuturudisha kwa muda ule tuliogombana. Kumbe yeye alikuwa amekwisha kumtuma mwenye bodaboda. Bado tunabishana, Fundi Kondo wa Fukayosi akashuka mlangoni, kanzu imepigwa pasi, simu mbili, mtu mpole wa maneno. Sitamtukana. Nimemtukana vya kutosha katika makala mbili, na wala hazikumfanya mpole zaidi wala mkali zaidi.

Akafukiza ubani, akaketi mbele ya Bibi, akasema na huyo aliyedhani yumo ndani yake. "Ukitaka mbuzi, tulia. Kama hutaki, kataa kwa kichwa."

Bibi akatulia.

"Anataka mbuzi. Mweusi?"

Akatulia.

"Mweusi. Na kitambaa chekundu?"

Akatulia.

"Na jogoo?"

"Huyu jini ametoka kufunga Ramadhani," nikasema.

"Asha, nyamaza! Unamjibia Mama?" Mwajuma alikuwa analia. "Si unaona mwenyewe hajakataa?"

"Nami nitamuuliza. Mama, unataka nikupeleke hospitali?"

Akatulia.

"Mmeona? Amekubali!"

Sote watatu tukatazamana kwa ushindi. Rukia, soma hapo tena. Tulikuwa tukimuuliza mtu asiyeweza kutikisa kichwa, na kila mmoja wetu alijiokotea ndiyo yake akaondoka nayo. Fundi hakuliona. Mwajuma hakuliona. Mimi, niliyekuwa nikijigamba kwamba naweza kunusa hoja mbovu nikiwa Bagamoyo na msemaji yuko Dodoma, sikuliona.

Kisha Fundi akasema, "Ageuzwe. Akimwona aliye nyuma atamtaja, akimtaja kazi imekwisha. Asipotaja leo, kesho magharibi tunampigia ngoma."

Ngoma ya pepo unaijua. Kichwa cha mgonjwa huchezeshwa mpaka aliyemo aseme. Nimeona wanawake wakizungushwa shingo kama matawi kwenye upepo, na wengine hutoka pale wamepona hasa, nisidanganye. Fundi akaweka kiganja kimoja kwenye taya la Bibi na kingine kisogoni. Akageuza. Kidogo tu, kwa upole, kama mtu anayejaribu kitasa.

Sauti iliyomtoka Bibi haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mlango wa zamani unaofunguliwa taratibu katika nyumba ambayo unajua haina mtu.

Fundi hakuondoa mikono. "Ndiye huyo," Mwajuma akanong'ona. "Anasema."

Niliupiga mkono wa Fundi ukatoka. Sikuwa na hoja, sikuwa na kitabu, nilikuwa na kiganja tu. Mwajuma akasimama kati yetu, na kwa mara ya kwanza siku ile tulisemezana kwa sauti ya chini. Akaniambia, "Mpeleke kwa madaktari wako. Lakini wakupe jina. Kesho jua likizama hawana jina, namrudisha kwenye ngoma, na wewe utakaa pembeni." Yeye ndiye mkubwa. Niliapa.

Sasa unajua kilichokuwa hatarini. Yule mama, na shingo ile, na mikono ya wapiga ngoma, kesho yake magharibi.

Majirani walikuja kumbeba akiwa ameketi, maana kumlaza hakukuwezekana. Mmoja akanyoosha mkono kukivuta kile kiti cheupe ili wamkalishe juu yake.

"Si hicho," Bibi akasema.

Tukaleta kiti cha jikoni.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa bara, msalaba mdogo shingoni, jina lake Neema. Kabla hajauliza nikamwambia, "Ni homa ya uti wa mgongo." Nikaeleza dalili kwa mpangilio mzuri. Nilikuwa na hakika, na hakika yangu, mwanangu, huwa na mdomo mkubwa.

"Inawezekana," akasema. "Homa na shingo ngumu, mama, mimi sichezi nayo." Akamchoma sindano za kuua wadudu palepale, bila kungoja, akasema lazima atoe maji ya uti wa mgongo kidogo yapimwe.

"Mtampoozesha!" Mwajuma akapiga kelele. Hofu hiyo utaikuta kila uendako. Tulimshawishi kwa shida. Maji yakatoka, masafi kama ya mvua, na majibu yakarudi kwamba hayana dalili ya wadudu.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilikasirika. Nilisema maabara yao imekosea, warudie, nimesoma kwamba wakati mwingine hukosewa. Nilisema na mengine kuhusu hali ya hospitali zetu ambayo yalikuwa kweli na hayakuwa na kazi yoyote pale. Daktari Neema akaningoja.

"Umemaliza, mama?"

Maneno yaleyale ya Bibi. Nilipigwa na baridi katika joto lile.

Kisha akafanya kitu ambacho ndicho sababu ya barua hii. Sote tulikuwa tumesimama ubavuni mwa kitanda, na Bibi alikuwa ameegemezwa akitazama ukuta wa mbele. Daktari akazunguka. Akaenda mpaka mbele ya macho yake, akachuchumaa hadi nyuso zao zikawa sawa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Meno yamegusana.

"Usitikise kichwa, na usiseme kama kusema kunauma. Funga macho mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Tumeelewana?"

Mara moja.

"Binti yako amesema hujawahi kuumwa kiungo kingine. Kweli?"

Mara mbili.

Nilikuwa nimelijibu swali hilo mlangoni. Nilimjibia mama yangu bila kumtazama, kama tunavyofanya sote tuliosoma tunapopeleka wazee wetu hospitali. Tunakuwa wakalimani wa watu wanaosema Kiswahili kuliko sisi.

"Wapi, Bibi?"

Mkono wake ukatambaa juu ya shuka taratibu, ukafika kwenye goti la kulia, ukalala pale.

"Aa, hilo goti la Ramadhani!" Mwajuma akasema. "Lilivimba usiku mmoja likawa kama dafu, jekundu, la moto. Akasali juu ya kiti. Tukalikanda, likaisha lenyewe. Baridi yabisi tu hiyo, daktari, ya kizee."

Ramadhani ile nilikuwa Dar, nikibishana. Sikuambiwa. Nilipouliza baadaye kwa nini, Mwajuma alisema, "Ungekuja na makala."

Daktari hakuandika chochote. Akauliza, "Shingo ilipomshika alikuwa anafanya nini?"

"Anasali."

"Mimi sijui sala yenu. Nionyeshe."

Nikatandika kanga sakafuni katikati ya vitanda. Wodi nzima ikatugeukia. Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya dripu akasema, "Hebu sogea, mwenzangu, na mimi nione." Nikasimama, nikarukuu.

"Hapa Bibi aliweza?" Daktari alikuwa anamtazama yeye, si mimi.

Mara moja.

Nikasujudu.

"Paji la uso lilifika chini?"

Mara moja.

Nikaketi. Nikageuza uso kulia, nikataka kugeuza kushoto.

"Na hapa?"

Bibi akafunga macho mara mbili, akayafungua, akayafunga tena mara mbili, kama mtu anayegonga mlango kwa nguvu.

Daktari Neema akainuka. Nilikuwa nikiona fikra ikimpita usoni. "Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo," akasema, "shingo yake hukataa kuinama. Kidevu hakifiki kifuani. Kugeuka kulia na kushoto mara nyingi anaweza. Bibi ameinama mpaka chini. Kilichokataa ni kugeuka."

Akagusa kisogo changu mimi, chini kidogo ya fuvu, sehemu ile laini. "Kugeuka kunafanyika hapa. Mfupa wa pili wa shingo una kijiti kimesimama, sisi tunakiita jino. Mfupa wa kwanza unakizunguka, kama jiwe la juu la kusagia linavyozunguka kwenye kipini chake. Watu wazima wa umri wake, mwili wenyewe huweza kutengeneza fuwele za chokaa ndani ya viungo. Mara nyingi magotini. Zinaweza kulala kimya miaka mingi. Zikiamka, kiungo kinawaka na homa inapanda, na mzee akipata homa kali huweza kuona watu. Zikiwa kwenye hilo jino, sote tunadanganyika."

"Chokaa!" Mwajuma akashika kiuno. "Nilimwambia aache tambuu!"

"Si chokaa ya tambuu, mama. Hata asiyeijua tambuu hupata."

Mwajuma akaonekana kuvunjika moyo kabisa. Amekuwa akiipiga vita tambuu ile tangu tukiwa wasichana.

"Lakini hayo ni maneno," daktari akasema. "Nataka picha. Na mpaka niione, sindano zinaendelea. Sitaki kuwa hodari kwa gharama ya Bibi." Akaandika rufaa ya kwenda Dar. Kipimo kilichoweza kuonyesha hayo kilikuwa huko.

Kesho yake asubuhi tukaondoka na gari la wagonjwa. Mimi na Bibi nyuma, yeye ameegemezwa kwa mito, uso umeelekea mlango wa nyuma, barabara ikitukimbia kwenye kioo. Kulikuwa na jua zuri. Watu walikuwa wanauza machungwa. Nilikuwa nimejifunza lugha ya macho jana yake, nikaona niitumie. Ndiyo, nilijua ni homa. Niliuliza tu.

"Mama, yule mtu bado yupo?"

Mara moja.

"Amebaki nyumbani?"

Mara mbili.

"Yumo humu?"

Mara moja.

Dereva alikuwa anasikia. Akanyanyua mkono akakigeuza kioo chake cha ndani kikatazama dari, na hakukishusha mpaka tulipofika Bunju.

"Ni Baba?"

Mara mbili.

"Baba Rukia?"

Mara mbili.

"Namjua?"

Hapo hakufunga macho. Aliyaacha wazi akinitazama, wazi tu, mpaka yakaanza kutoa machozi kwa ukavu, na bado hakuyafunga. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Picha tulioneshwa alasiri. Fundi wa mashine alinikaribisha kwenye kioo chake. Niliona mifupa ya mama yangu, myeupe ndani ya giza, na katikati lile jino limesimama wima. Na juu yake, kulizunguka, alama ndogo nyeupe zimepangana kwa duara lisilotimia, kama taji. Mimi niliyetumia maisha yangu kupiga vita wenye mataji nilisimama pale nikitazama taji la chokaa ambalo mama yangu alikuwa amelivaa ndani ya shingo bila mtu kulijua. Lilikuwa zuri. Samahani, lakini lilikuwa zuri.

Daktari Neema alitumiwa kwa simu, akaisoma, akasema, "Ndilo." Akataja jina, lile refu utakaloliandika darasani. Nikampigia Mwajuma. Nyuma ya sauti yake nilisikia kuni zikilia na ngozi zikijaribiwa. Walikuwa wanakanza ngoma kwenye moto.

"Lina jina?" akauliza.

"Lina jina."

Akaweka simu kando. Kisha nikamsikia akisema na watu, "Zimeni moto. Mchukue jogoo muende." Fundi Kondo akasema kitu. "Mbuzi alikubaliwa na nani? Na shingo? Shingo ilikuwa mbovu, bwana we!" Kwa hiyo naye alikuwa ameliona, peke yake, bila makala. Nilimpenda dada yangu saa ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Bibi alipewa dawa ya kutuliza uvimbe, kwa uangalifu kwa ajili ya figo na tumbo la mtu mzima, na kola laini ya shingoni. Homa ikashuka. Mdomo ukafunguka, na neno la kwanza lililotoka kwa sauti yake kamili lilikuwa kuuliza nani amegusa kinu chake cha tambuu.

Hadithi ingekuwa imeishia hapo kama ningekuwa naandika gazetini. Ningeipa kichwa kikali, ningewapiga waganga ukurasa wa kwanza na serikali ukurasa wa pili, na ningekuwa sahihi. Lakini wewe si msomaji wangu.

Tuliporudi nyumbani hakutaka kulala kwanza. Alisema ana sala moja anadaiwa. Alitandika msala palepale, ukuta uleule nyuma yake. Mimi na Mwajuma tukasimama mlangoni. Akasali polepole, akarukuu, akasujudu, akaketi. Akageuza uso kulia, akasalimu. Ulikwenda, Rukia, kwa uzito, kama jiwe la kusagia lenye punje chache chini yake, lakini ulikwenda. Mwajuma akanishika mkono. Akageuza kushoto, akasalimu.

Na hakusimama hapo. Aliendelea kugeuka, kupita pale sala inapodai, na bega, na kiwiliwili chote, mpaka akatazama nyuma yake. Kile kiti cheupe kilikuwa bado pale nilipokiweka. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukiondoa. Akakitazama kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu anayemkuta mgeni amehudumiwa vizuri wakati yeye hayupo.

"Kumbe kweli ulimpa kiti," akaniambia.

"Nani, Mama? Kuna nani?"

Akaanza kukunja msala. "Wewe mbishi," akasema, bila hasira hata kidogo. "Nikikwambia utabisha."

Hakusema tena. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa hila, nimemuuliza siku za Idi akiwa amefurahi. Hujibu kwa kutwanga tambuu.

Naamini fuwele zile. Niliziona. Daktari alinieleza homa inavyochora watu hewani na ninaamini hilo pia, na mtu akija na hoja nyingine nitamla mzima mzima. Lakini kiti sijakiondoa. Mwajuma hukifuta vumbi. Umekipita mara nyingi ukitudhania wavivu.

Sikuandikii ili uogope. Siku moja utasimama ubavuni mwa kitanda, umechoka, binti wa mgonjwa anakuhubiria alichosoma simuni, nawe utakuwa tayari na jina la ugonjwa ulimini. Mkumbuke yule mwanamke alivyozunguka kitanda. Mama yangu alikuwa na jibu lote, goti na sujudu na salamu, na sisi watu wake tulikuwa tumesimama mahali ambapo macho yake hayakutufikia. Na liko jambo moja analo bado, ambalo mimi sitalijua kwa sababu nilikuwa sahihi mno kwa miaka mingi mno.

Kesho kabla ya kutoka utaingia kumuaga. Usisimame mlangoni ukapunga mkono kwa haraka ya gari. Zunguka, uchuchumae mbele yake, umwamkie, unyamaze kidogo. Huenda wewe akakwambia. Akikwambia, usiniandikie, ni lako.

Kiti usikikalie.

Mama yako,
Asha